Mashine Iliyoitikia Marahaba

"Marahaba, baba."

Hayo ndiyo yaliyotoka kinywani mwa roboti Jumamosi asubuhi, katikati ya sebule, mwenye nyumba akiwa ameinama mbele yake kwa utani na mkono kifuani. Hapo ndipo nilipokuachia wiki iliyopita. Najua umenilaani. Wapo walionilaani kwa barua, tena kwa wino mwekundu. Haya, poa moyo, nimerudi.

Na wewe uliyeingia leo na chai yako mkononi, hujui hili wala lile, nitakusimulia upesi upesi, maana kule sebuleni watu wamepigwa na butwaa na butwaa lao halitadumu.

Roboti hii inaitwa Jitume. Inafagia, inapika uji, inakunja nguo, inabembeleza mtoto. Tangazo lake linasema inajiendesha yenyewe, haina likizo, haina maneno. Uongo mtupu. Upande wa pili wa mji, kwenye ukumbi wenye safu za watu waliovaa miwani mizito na glavu za nyaya, amesimama mwanamke mtu mzima aliyekuwa mpishi wa hoteli, anaitwa Bi Upawa. Akiinua mkono, Jitume inainua. Akichuchumaa, Jitume inachuchumaa, ila Jitume haiumwi magoti. Na nyumba aliyopangiwa, kwa bahati ambayo hakuiomba lakini pia hakuikataa, ni ya mwanawe wa kumzaa.

Mwanawe hajui. Mkamwana ndiyo kabisa!

Mjukuu alipozaliwa Bi Upawa alikwenda kusaidia, akaanza kwa kuhamisha sufuria zote za mkamwana kutoka kabati la chini kwenda la juu. Mkamwana akamwambia, "Mama, wewe pumzika tu, tumeagiza mashine." Bi Upawa akafunga mkoba, akaapa hatakanyaga pale mpaka aitwe. Hakuitwa. Sasa anambeba mjukuu wake, Bonge, kwa mikono ya plastiki, na furaha nyingine duniani hana.

Waendeshaji hawaruhusiwi kusema. Jitume ina sentensi tatu, kila moja na pedali yake mguuni: "Habari za leo", "Kazi imekamilika" na "Samahani, sijaelewa". Kipaza sauti ni cha dharura, nyumba ikishika moto, na hata ukikitumia sauti yako inageuzwa kuwa ile ile ya kisichana ya mashine. Bi Upawa alikuwa akikifungua kwa siri amwimbie Bonge kidogo. Jumamosi hiyo akasahau kukifunga. Mwanawe akapita, akaitania mashine kwa shikamoo.

Sasa turudi sebuleni.

"Imesema nini?" aliuliza mkamwana kutoka mlango wa jikoni.

"Imesema marahaba," alijibu mumewe. Huyu tumwite Mhasibu, ndiyo kazi yake, na hata nyumbani anapanga soksi kwa mwaka zilionunuliwa.

"Marahaba nimeisikia. Baada ya marahaba imesema nini?"

"Imesema... baba."

Mkamwana aliweka mwiko mezani polepole. Mwanamke akiweka mwiko polepole namna hiyo, tafuta mlango.

"Hii mashine imetengenezwa mwaka jana."

"Ndiyo."

"Na wewe una ndevu."

"Mke wangu..."

"Nakuuliza swali dogo tu. Inakuzidije umri?"

Kule ukumbini Bi Upawa alikuwa amekwisha kukifunga kipaza sauti. Unaweza kumkataza mtu mzima kusema, kukohoa, hata kupiga chafya. Lakini mwanawe akimwamkia, marahaba inatoka yenyewe kabla akili haijaamka.

Mkamwana akaja mpaka mbele ya Jitume, akasimama sawasawa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Bi Upawa akaisikia vizuri. Shikamoo hiyo ameingoja tangu siku ya sufuria. Kwenye simu mkamwana humwambia "habari za huko" kama anaongea na fundi bomba. Leo shikamoo imekuja, imenyooka, ina adabu zake zote, na inapewa plastiki! Bi Upawa akameza marahaba yake nzimanzima, akakanyaga pedali.

"Samahani, sijaelewa," ikasema Jitume.

"Ehee!" Mkamwana akamgeukia mumewe. "Mimi haielewi. Wewe unaitwa baba. Ni nani huyo?"

"Nani nani?"

"Mwanamke wako! Mnasalimiana mbele yangu kwa kutumia chombo cha kufagilia!"

"Sasa wewe, mpenzi gani anaitikia marahaba?"

"Sijui! Labda ndiyo mapenzi ya siku hizi!"

Bi Upawa alifumba macho ndani ya miwani. Amewahi kuitwa mengi na mkamwana wake, lakini hawara wa mwanawe ilikuwa mara ya kwanza.

"Subiri kwanza," alisema Mhasibu, na paji la uso likajikunja kama anatafuta shilingi iliyopotea kwenye hesabu. "Kuna kitu. Kila nikitoka bafuni, hii mashine inageukia ukutani."

"Inageuka?"

"Inasimama kuangalia kalenda mpaka nimalize kuvaa. Nilidhani imewekewa ratiba."

Wote wawili wakaitazama kalenda. Ilikuwa ya mwaka juzi.

"Na mimi juzi," alisema mkamwana, sauti imeshuka, "nilitia chumvi mara ya pili kwenye mchuzi. Ilinisonya."

"Ilikusonya?"

"Ilinisonya! Nikadhani upepo umevuja kwenye magoti yake." Akaiangalia Jitume usoni, pale penye vioo viwili vyeusi. "Baba Bonge, hii mashine ana haya."

Umelisikia hilo, msomaji? Dakika moja nyuma ilikuwa *imesema*, *ilinisonya*, *inageuka*. Sasa *ana*. Mkamwana mwenyewe alilisikia likimtoka, akaziba mdomo kwa kiganja. Lugha yetu haikubali mchezo huo. Ukisema *ana*, umeshasema kuna mtu. Na mimi sitabishana naye. Kuanzia hapa Jitume ni *yeye*.

"Kuna mtu humu," mkamwana alinong'ona. Kisha akapiga ukelele. "Kuna mtu humu ndani, na amembeba mwanangu! Nipe mtoto! Nipe!"

Akamnyakua Bonge kutoka mikononi mwa Jitume. Bonge, aliyekuwa ameshikilia kidole cha plastiki kwa nguvu zake zote, akaangua kilio.

Upande wa pili wa mji Bi Upawa alibaki ameshika hewa. Glavu zile hupoa mara unapopokonywa kitu ulichobeba. Zikapoa, na moyo wake ukapoa pamoja nazo.

"Nani kafungua kipaza sauti?"

Huyo ni msimamizi wa ukumbi. Jina lake wamelisahau, wanamwita Bwana Kimya, kwa sababu ndilo neno analosema zaidi, tena kwa kelele. Alikuwa anakuja kati ya safu, simu moja sikioni, nyingine mkononi, jasho shingoni.

"Nimeosha mbwa, bosi," alisema jirani wa Bi Upawa pale kwenye safu, mzee aliyewahi kuendesha malori ya masafa marefu, kwa hiyo wanamwita Dereva. Alikuwa anajaribu kumpotezea lengo.

"*Imeosha* mbwa!" Bwana Kimya alifoka. "Mara ngapi niwafundishe? Wewe hujaosha kitu! Mashine ndiyo imeosha!"

"Basi mgongo unaoniuma ni wa mashine."

"Kimya!" Akaishusha simu, akaiweka kwenye spika ili ukumbi wote usikie dhambi ya Bi Upawa, na papo hapo sauti yake ikawa asali. "Samahani mama, nimerudi. Kama nilivyosema, mashine yetu ina akili sana. Imejifunza adabu."

"Adabu gani ya kujifanya mkubwa kuliko mume wangu?" Ilikuwa sauti ya mkamwana. "Nijibu ndiyo au hapana. Kuna mtu?"

"Mama, akili ya kompyuta ya kisasa..."

"Mimi nimecheza muziki mbele yake na taulo kichwani! Nimelia mbele yake, kulia kule ambako hata mume wangu hajakuona! Kuna mtu au hakuna?"

Bwana Kimya aliwatazama waendeshaji wake. Waliinua miwani kidogo nao wakamtazama, safu nzima, macho mekundu yenye alama za mpira pembeni.

"Hakuna mtu, mama," akasema.

"Basi njooni muichukue hiyo hakuna-mtu yenu. Leo!"

Simu ikakatwa. Bwana Kimya akamnyooshea kidole Bi Upawa.

"Vua miwani. Ile roboti inarudi kiwandani. Wewe kesho unakwenda kwa yule daktari wa meno mwenye mbwa watatu. Ngoja nikaizime kwenye mtambo." Na akaanza safari ya kuelekea chumba cha swichi, mwisho kabisa wa ukumbi.

Bi Upawa hakuvua. Alitaka kumwona Bonge mara moja tu zaidi, japo kwa kisogo.

Kwenye miwani, mkamwana alikuwa amekaa sakafuni na mtoto kifuani, analia kilio kile alichokisema. Mumewe alikuwa amechuchumaa karibu, hajui aweke wapi mikono yake.

"Bora hata mama yako," alisema mkamwana.

Bi Upawa akakaza masikio.

"Mama yangu?" Mhasibu alishangaa. "Si ulisema anakunyima pumzi?"

"Ananinyima! Anahamisha sufuria, anaonja mchuzi wangu kama ananikagua mtihani. Lakini nilikuwa najua ni yeye. Unamsikia anakuja, unapata hata muda wa kuficha vyombo vichafu. Unamkumbuka mlangoni?" Na katikati ya machozi akaikaza sauti, akamwiga mama mkwe wake mpaka ile mikwaruzo. "Hodi... hodi... au mmehama?"

Mhasibu alicheka, na mkamwana naye akacheka bila kupenda, pua imejaa.

"Alikuwa na maneno," akasema, "lakini hodi alipiga. Huyu wa leo kaingia tu."

Bi Upawa aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Miezi yote hii alijidanganya kwamba anasaidia, kwamba kumbembeleza mjukuu si kosa, kwamba akigeukia kalenda basi amelipa haki ya watu. Kumbe alikuwa ndani ya nyumba ya mwanawe bila kubisha. Yeye, aliyemfunza yule mtoto kwamba hata chumba cha mtu mwenye homa hukiingii bila hodi!

"Dereva," alinong'ona. "Kimya amefika wapi?"

"Safu ya tatu. Anatembea kwa hasira, atafika sasa hivi."

"Mcheleweshe."

Dereva hakuuliza kwa nini. Alikohoa, akajinyoosha kwa uchovu mkubwa, na kwa bahati mbaya kabisa waya wake ukakatiza njia. Bwana Kimya akaenda chini na simu zake zote mbili. Na kwa kuwa Dereva alikuwa bado amevaa glavu, kule kwa tajiri anakofanyia kazi roboti ikajinyoosha na yule mbwa, bado ana povu, akarushwa kwenye kochi.

Bi Upawa alipiga hatua. Jitume akapiga hatua.

"Inakwenda wapi?" Mhasibu aliinuka. "Anakwenda wapi?"

Jitume alipita sebuleni, akaikwepa midoli ya Bonge, akaokota mmoja kwa mazoea na kuuweka kwenye kapu, akafika mlangoni. Akafungua. Akatoka nje. Akaufunga mlango nyuma yake, taratibu, mpaka kitasa kikalia.



Bi Upawa akakifungua kipaza sauti. Akakunja ngumi, akaubisha mlango wa mwanawe kama anavyopaswa kuubisha mtu yeyote mwenye malezi.

"Hodi," ikasema ile sauti ya kisichana. "Hodi... au mmehama?"

Alisikia kitu kikianguka ndani. Alisikia mwanawe akisema neno moja, "Mama?", kwa sauti aliyokuwa nayo akiwa na miaka mitano. Alisikia miguu ya mkamwana ikija mlangoni, mitupu, ya haraka. Aliona kitasa kikianza kugeuka.

Miwani ikawa giza.

Bwana Kimya alikuwa amefika kwenye swichi.

"Karibu" wameitikia au hawakuitikia? Wamefungua au wamefunga kwa komeo? Bi Upawa alivua miwani akabaki anaitazama sakafu ya ukumbi, mraba wake mdogo wa zulia lililochakaa penye nyayo mbili. Hakulia. Midomo tu ndiyo iliyokuwa inacheza.

"Mama," Dereva alisema. "Hiyo hodi tumeisikia wote."

Akaivuta miwani yake vizuri, akatoka na roboti yake mpaka nje ya jumba la yule tajiri, akafunga mlango, akafungua kipaza sauti.

"Hodi hapa!" akanguruma. "Mimi si mashine, mimi ni dereva wa malori, na mbwa wenu samahani!"

Safu ya pili, mwanamke mmoja akachukua hatua. "Hodi, wenyewe." Nyuma yake mwingine. "Hodi jamani, ni mimi ninayewapikia uji." Mwingine, kijana mpole ambaye sauti yake hawajawahi kuisikia pale ukumbini, alisema hodi kisha akaona haya akaongeza, "Kama mna wageni nitarudi baadaye."

"Kimya!" alipiga ukelele Bwana Kimya. "Kimya! Kimyaaa!"

Mji mzima milango ilikuwa inabishwa.

Simu zikaanza kulia. Ya kulia, ya kushoto, ya mezani, ya ukutani ambayo wengi walidhani ni pambo. Bwana Kimya akadaka moja. "Hapana baba, ni hitilafu ndogo... Ndiyo, ametoka nje. Imetoka! Ndiyo, amepiga hodi. Ime... Baba, naomba usimkaribishe! Usi-i-karibishe!" Akaitupa, akadaka nyingine, akasikiliza, na uso wake ukabadilika. Akamgeukia Bi Upawa akiwa ameishika simu kwa vidole viwili.

"Kuna mteja," alisema kwa unyonge. "Anasema nimpe mama mkwe wake."

Bi Upawa akavua glavu. Akafuta viganja kwenye kanga, akaipokea.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya mkamwana, chini chini.

Safari hii hapakuwa na pedali ya kukanyaga.

"Marahaba, mwanangu."

Akasikia maji yakidondoka. Mkamwana alikuwa amejifungia bafuni.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Bonge hajaota jino."

"Umeniona nikilia."

"Nimekuona."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuletea maji."

Mkamwana alivuta pumzi. "Nilidhani mashine imekosea," akasema. "Sikuwa nimeagiza maji." Kisha akajikaza. "Nina hasira na wewe, mama. Nina hasira ya kupasua sahani. Tutagombana, tena vizuri, lakini si sasa. Mwanao alikuwa hapo mlangoni anaiomba mashine msamaha, na imeganda na ngumi juu. Sasa amekwenda chumbani kutafuta koti akufuate huko. Nisikilize. Lile kabati la chumbani, upande wangu. Uliwahi kulifungua?"

"Kabati la mke wa mtu?" Bi Upawa alishtuka. "Nitalifunguaje? Nilikuwa nafuta vumbi la nje tu."

"Hata bahati mbaya?"

"Hata bahati mbaya."

"Basi hujui." Sauti ya mkamwana ikatetemeka. "Njoo, mama. Si Jitume, wewe. Njoo upige hodi kwa mkono wako, mimi mwenyewe nitakuitikia karibu. Ila njoo sasa hivi, kabla mwanao hajalifungua. Akikiona kilichomo akiwa peke yake, hutatukuta mume na mke."

Bi Upawa alikuwa ameshaokota mkoba. Mguu mmoja ulikuwa kwenye zulia, mwingine njiani, simu bado sikioni. Bawaba zote za nyumba ile alikwisha kuzitia mafuta kwa mikono ya Jitume, mlango hadi dirisha, zisimwamshe mjukuu. Aliiacha moja tu, kwa haya: ya lile kabati.

Nyuma ya sauti ya mkamwana, akaisikia ikilia.